Ukingo Mgumu wa Kidonda cha Baba

Mwanangu, nakumbuka asubuhi moja kule Alunguli, mvua imekatika tu, nilipofunika kwa kitambaa cheupe kitu nilichokuwa nimekiona vizuri. Nilikuwa na mwaka mmoja tu katika kazi ya kufunga vidonda kwenye dispensari yetu, na mgonjwa niliyemficha ukweli alikuwa baba yangu mzazi.

Baba aliungua mguu akiwa kijana, kwenye machimbo ya Kampene, pipa la maji ya moto lilipompindukia. Kovu lilivuta ngozi ya muundi wote, na karibu kila mwaka lilipasuka, likafunga, likapasuka tena. Sisi watoto tulikuwa tumelizoea. Mwaka ule halikufunga. Nilimwosha kila asubuhi, na siku hiyo kidole changu kikagusa ukingo: umeinuka, mgumu, kama si nyama yake. Akaniuliza kama kinapona. Nikamwambia kinapona, Papa.

Niliogopa kuambiwa nimemwosha vibaya. Yeye naye hakutaka kuvuka mto kwenda hospitali, mpunga wake ulikuwa karibu kuvunwa. Kila mmoja alipata sababu yake, na miezi mitatu ikapita.

Aliyetushitua ni Mama Zaina, muuguzi mkubwa wa dispensari. Jumamosi moja hakumwona Baba kwenye salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha barabara, akaja kumjulia hali. Alifungua kitambaa, akazungusha kidole pembeni ya kidonda, taratibu, kisha akanitoa nje.

"Wewe unaoshaka kidonda tu," akasema. "Nyama yenye kukizunguka, ulishaigusa?"

Nikasema ndiyo.

"Tangu lini?"

Nilipomjibu, hakunigombeza. Alirudi ndani kumwambia Baba kwamba Jumatatu atavuka mto, mpunga au bila mpunga, nami nikatamani angenipiga.

Jumatatu tukavuka Lualaba kwa mtumbwi. Daktari, aliyetuita sitwayeni, yaani raia, kama serikali ilivyotaka wakati ule, alikata kipande cha ukingo kipelekwe Kinshasa kwa ndege kupimwa. Alinieleza kwamba seli za mwili hazikai ovyo. Zimeshikwa na wavu wa nyuzi za protini. Kovu linapopasuka miaka na miaka, wavu huo unakuwa mnene na mgumu. Mengine niliyajua baadaye, dunia ilipoyajua: kwamba seli zinausikia ugumu huo na zinaweza kusukumwa kuzaana bila mpango; kwamba zikishakuwa kansa zinautafuna wavu, kisha zinapita kwenye nyuzi zilezile hadi kufikia damu na tezi.

Daktari alikuwa ametuonya kwamba ugonjwa ukienea huanzia tezi za kinenani, basi tulisubiri jibu huku tukiogopa mtoki, ule uvimbe wa kinenani. Lakini binti hamuulizi baba yake habari za kinena. Mama yangu mzazi ndiye aliyemtazama kila asubuhi chumbani, nami nilisimama uani nikijifanya nafagia. Akitoka anatikisa kichwa: hakuna. Siku ile napumua. Kesho nashika tena ufagio. Wiki ya tano Mama alitoka, hakutikisa kichwa.

Jibu lilipofika, lilikuwa kansa. Walikata mguu juu ya goti, wakatoa na tezi. Baba alirudi Alunguli na magongo. Jioni moja akaniita, nikakaa karibu yake.

"Mama," akasema, maana ndivyo alivyoniita tangu utoto, "ile siku uliniambia kinapona, ulijua?"

"Nilijua kuna kitu, Papa."

Akasogeza magongo yake pembeni. "Basi mwingine usimufiche."

Aliishi mavuno mawili zaidi, kisha kansa ikaingia mapafuni, ikamchukua. Kama miezi mitatu ile ingemwokoa, sijui. Hakuna daktari aliyeweza kuniambia, na mpaka leo bado nauliza.

Mwanangu, kidonda kisichopona, kovu linalopasuka kila mara, uvimbe uliokaza, usivizoee. Usitazame katikati tu. Gusa nyama inayozunguka, na ukikuta ugumu sema siku hiyohiyo, hata ukiogopa kulaumiwa. Lawama utaibeba na utaizoea. Kimya changu mimi sijakizoea.

Mungu akupe mikono mipole na ulimi usioogopa, na wale unaowapenda awakalishe nawe wazima, miaka mingi kuliko niliyopata mimi na Baba.