Njia ya Mkato ya Baba

Juzi niliwaona vijana wenye helmeti wakiiacha lami na kuingiza baiskeli zao kwenye barabara ya changarawe ya msituni, upande wa Kesses. Harufu ya mikaratusi iliyolowa ilinifikia, na nikajiona tena nimeketi kwenye keria ya baiskeli ya Baba.

Mama alikuwa akiwapikia wanafunzi huko Kesses, na nilimwona Jumapili tu, kwa hiyo kila kilima kilinikera. Baba alinifunga miguu kwa ukanda wa mpira isiingie kwenye spoki, kisha akasukuma akihema, vijiwe vikilia chini ya magurudumu. Jumapili moja tulikutana na jirani yetu aliyebeba kuni.

"Baba Nekesa, lami ilikukosea nini?"

"Hii ni njia ya mkato, jirani," Baba akamjibu.

Alicheka mpaka kuni zikatikisika. Nilidhani anacheka jasho la Baba, nikamchukia njia nzima.

Baada ya kuwaona wale vijana nilipima kwa simu, mara tatu, maana mimi huwa siamini jibu la kwanza. Njia ya Baba ilikuwa karibu maradufu ya lami. Ila msituni hapakupita lori hata moja.

Nilipofika nyumbani Baba aliniuliza, kama kawaida yake, nimepitia wapi.

"Njia ya mkato," nikamwambia.

Aliinamia kikombe chake cha chai, akatabasamu.

"Vizuri," akasema. "Hiyo mtu hufika."