Kitinda na Jalada la Mwenye Ukumbi

Nyumbani kwao kila mtu alijaliwa sauti. Baba alikuwa mnadi wa vyombo vilivyotumika, na angeweza kumuuzia jokofu mtu aliyekuja kutafuta kiti. Mama alikuwa mpishi wa shule ya bweni. Wanafunzi mia sita walimsikia akiita mara moja tu. Kaka zake wawili walibishana kuhusu mpira mpaka majirani wakachangia kupitia dirishani. Binti yao wa mwisho peke yake ndiye aliyezungumza kama mtu anayechelea kumwamsha mgonjwa. Kwa kuwa alikuwa kitindamimba walimwita Kitinda, na Kitinda huyo, kwa mshangao wa ukoo mzima, akaenda kusomea sheria.

Mwaka wa nne ulimkuta akikimbia huku na kule kama kuku aliyepoteza vifaranga. Asubuhi alikuwa darasani. Alasiri tatu kwa wiki alifanya kazi katika ofisi ya mawakili wa mikataba, ghorofa ya tatu, juu ya duka la dawa. Jioni alikuwa maktaba, na chakula cha mchana alikila akitembea.

Mkuu wa ofisi ile alikuwa mama mmoja mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, ambaye kila siku alitafuta ya tatu. Wiki ile alimwita Kitinda akamwambia kwamba nafasi ya kazi ipo, akihitimu tu aanze. Ila jibu alitaka kabla ya Ijumaa adhuhuri. Habari hiyo ingekuwa ya kupigiwa vigelegele, lakini baba naye alikuwa amekwisha kuzungumza na rafiki yake, wakili aliyeshinda mahakamani kutwa, na huyo pia alikuwa akingoja jibu. Nyumbani hapakuwa na mjadala. Wakili ni yule anayesimama mbele ya jaji. Anayekaa mezani na karatasi ni karani aliyevaa vizuri.

Kitinda aliipenda mikataba. Alipenda kuwaona watu wawili wasioaminiana wakiketi meza moja, na yeye kutafuta neno ambalo wote wawili wangeweza kulala nalo. Lakini kulikuwa na swali lililomng'ata kama kiatu kipya: je, aliipenda mikataba kweli, au alikuwa akiikimbia mahakama? Kama ni mapenzi, sawa. Kama ni woga, basi angejificha nyuma ya makaratasi maisha yake yote, na yeye mwenyewe angejua.

Alhamisi ilikuwa siku ya rufaa ya mazoezi, yenye alama arobaini za somo. Kisa chenyewe kilihusu bendi iliyokataa kupiga muziki harusini kwa sababu ukumbi haukuwa na jukwaa. Bendi ilishinda, mwenye ukumbi akakata rufaa. Kitinda na mwenzake, kijana aliyeitwa Mrefu kwa sababu zilizoonekana wazi, walipangiwa kuitetea bendi. Waligawana kazi: Kitinda azungumzie nani alivunja mkataba, Mrefu azungumzie fidia. Kisha kila mmoja akashika njia yake, maana ratiba zao zilikutana kwa nadra kama jua na mwezi.

Sasa, kule ofisini walikuwa na desturi yao. Juu ya jalada hawakuandika jina la mteja. Waliandika jina la mpinzani wake, ili yeyote anayeshika simu ajue mara moja ni nani asiyepaswa kuambiwa kitu. Kitinda aliizoea desturi hiyo hata akaihamishia chuoni. Siku alipopokea kisa cha bendi, aliandika juu ya jalada, kwa kalamu nene, MWENYE UKUMBI. Wiki tatu na insha nne baadaye alilishusha jalada rafuni, akasoma jina, na kwa siku nne mfululizo akamtetea mwenye ukumbi kwenye karatasi kwa moyo wake wote.

Waligundua kwenye korido, nusu saa kabla ya kuitwa. Mrefu alisoma ukurasa wa kwanza wa hoja za Kitinda, akaurudia, akakaa sakafuni na miguu yake yote.

"Dada," alisema taratibu, "umetushtaki."

Kitinda alinyang'anya karatasi, akazisoma, akaona ni kweli. Mrefu alipendekeza augue ghafla. Kuhara, alisema, hakuna mhadhiri anayedai ushahidi wake. Lakini Kitinda alikuwa amekwisha kugeuza karatasi ya kwanza na kuanza kuandika nyuma yake. Nyumba hii ya hoja alikuwa ameijenga mwenyewe. Alijua kila msumari uliolegea.

Mhadhiri wao wa somo hilo, aliyekuwa jaji kwa siku ile, aliketi na joho lake la mahafali. Upande wa mwenye ukumbi ulizungumza kwa kishindo. Zamu ya Kitinda ilipofika, sauti ilitoka ndogo kama kawaida, hata jaji akaamuru feni izimwe. Feni ilipozimwa, watu walisogea mbele vitini ili wasikie, na waliposogea hakuna aliyerudi nyuma tena. Alizichukua hoja za mwenye ukumbi moja baada ya nyingine, akazifungua, akazilaza mezani.

"Wakili," jaji alimkatiza, "upande wa pili hoja hiyo hata haujaitoa, wewe umeshaijibu."

"Naomba radhi, Mheshimiwa," Kitinda alijibu. "Nimeishi nayo siku nne."

Chumba kilicheka, na yeye pia akacheka, akashangaa kuona magoti yake yametulia. Rufaa ilitupwa. Walipata alama thelathini na sita, na Mrefu akamwinua juu mpaka kichwa chake kikakaribia kugusa taa.

Jioni habari ilikuwa imeshafika nyumbani. Baba aliisimulia barazani kama anainadi, na kila aliposimulia bei ilipanda. Akamalizia kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka, na kesho rafiki yake ajibiwe.

"Baba, nitaenda kwenye mikataba," Kitinda alisema.

Kaka zake walinyamaza, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Baba akauliza kama kesi ya leo imemtisha.

"Leo sikuogopa hata kidogo. Ndiyo maana naweza kuchagua. Jana ningekuwa nakimbia tu, Baba."

Baba alimtazama mama, kama mnadi anayesubiri mtu apandishe bei. Mama alifuta mikono.

"Mimi ningetaka kukuona na joho la mahakamani, mwanangu, sikufichi," alisema. "Lakini mtu aliyeweza kuwanyamazisha hawa watatu, mwache aende anakotaka."

Baba alicheka kabla hajataka kucheka. Akasema yeye mwenyewe ndiye atakayemjibu rafiki yake, na kwa kuwa ni kushindwa, atamjibu kwa sauti ya chini.

Ijumaa saa nne Kitinda alipanda ngazi za ghorofa ya tatu akaikabidhi barua yake ya kuikubali kazi. Mkuu wa ofisi aliisoma kwa miwani isiyo sahihi, akatabasamu, akamwambia akae wanywe chai. Kitinda alisema angependa sana, lakini insha ya sheria ya ardhi ilitakiwa saa sita na bado haikuwa na hitimisho. Akashuka ngazi mbili mbili, akicheka peke yake.