Moteur ya Mashua Mbele ya Komisere

Bandugu, leo nilikuwa karibu kulala mu prison sababu ya moteur ya mashua.

Munajua vile napenda kutunza ma-moteur ya zamani, ile ya kufunga nyuma ya mashua. Hii moja, Mugreki mwenye kuuzisha samaki ya Kasenga alinipa mwaka jana. Ilikuwa kutu tupu. Niliisugua miezi mingi!

Asubui niliifunga ku kinga, ile baiskeli yangu, nikawa nasukuma kwenda kuonyesha shemeji yangu. Polisi akanisimamisha.

"Karatasi iko wapi?"

Karatasi gani? Mugreki alinipa na mikono yake tu.

Balinipeleka kwa komisere, bakaita Mugreki. Akaiangalia juu na chini.

"Yangu ilikuwa kutu. Hii inangaa. Hapana, haiko yangu."

Kumbe kazi yangu ya kusugua njo inanifunga!

"Patron," nikamuambia Mugreki, "angalia chini ya tanki. Iko kiraka cha shaba."

Akainama. Akakigusa na kidole.

"Ndugu yangu njo alikitia," akasema pole pole. "Mbele ya kufa kwake mu muto Luapula."

Komisere akaniambia, "Basi haukuiba. Enda."

Nikashika moteur. Mugreki naye akaishika.

"Pardon," akasema. "Sikujua ni nini nilikuwa natupa."

Nikaiachilia.

Sasa niko ku nyumba, muzima, lakini moyo unauma. Muke wangu anasema nilifanya muzuri. Mie sijue.

Ninyi, mungemuachia?