Wifi Yangu na “Wakati Huohuo”

Mke wa kaka yangu tunamwita Mama Mashuka. Kwa miaka kumi na sita amesimamia mashine ya kukamulia nguo katika chumba cha kufulia cha hospitali. Mdomo anao, nami ninayekunja mashuka meza ya pili nimeuonja. Lakini siku ile nilimvulia kofia.

Asubuhi mkanda wa mashine ulikatika, mashuka ya wodi nzima yakakwama humo yanachuruzika maji. Saa nne msimamizi akatuita ofisini, mimi nikiwa shahidi. Akamsogezea wifi karatasi ya maelezo. Iliandikwa: “Alikuwa akiongea na simu na wakati huohuo mkanda ukakatika.”

“Weka sahihi hapo, mama, tumalize.”

Sahihi hiyo ingemfukuzisha kazi kwa uzembe. Nilishikwa na hasira. Wanadhani mfua mashuka hajui kusoma!

Wifi aliisoma mara mbili. “Hii ‘wakati huohuo’ siitaki.”

“Ina nini?”

“Hiyo ni ya mambo mawili yanayokwenda pamoja. Naijua vizuri, bosi. Nimenyonyesha, wakati huohuo nakoroga uji, wakati huohuo namjibu kaka yake huyu anayeuliza soksi zake ziko wapi. Hapa mkanda ulikatika kwanza, kisha nikapiga simu. Andika ‘kisha’.”

“Ni maneno tu, mama.”

“Kama ni maneno tu, yafute.”

Kicheko kilinitoka, nikajifanya nakohoa. Wifi hata hakunitazama.

“Simu nilimpigia fundi. Huyo hapo mlangoni, muulize nilimwambia nini.”

Fundi alikuwa anajifuta grisi vidoleni. “Alisema mkanda umekatika, njoo mbio.”

“Umesikia? Umekatika! Au nilimpigia kumtabiria?”

Msimamizi aligonga meza. “Unataka kazi au unataka ubishi?”

“Nataka kazi yangu na karatasi ya kweli. Vyote viwili, wakati huohuo.”

Fundi naye hakuondoka mlangoni. Mwishowe msimamizi akachomoa karatasi nyingine, akaandika taratibu: “Mkanda ulikatika, kisha akapiga simu kumwita fundi.” Akamsukumia wifi pamoja na kalamu.

Wifi alipitisha kidole kwenye kila neno, kisha akamrudishia kalamu.

“Tangulia wewe kuweka sahihi,” alisema. “Mimi nitafuata.”