Piko la Mjane wa Kigombe

"Ioshe, mama! Ioshe hiyo miguu kabla mtu hajaingia humu ndani!"

"Piko haliondoki kwa maji, Massoud. Wataka niikate?"

"Basi vaa soksi."

"Soksi? Na joto hili? Watu watasema bibi harusi ana homa."

Hapo mwanangu alilitupa kapu la samaki sakafuni, magamba yakaruka mpaka kwenye mto wa kochi. Alikuwa ametoka mnadani, pale pwani wachuuzi wanaponunulia samaki, na huko wanaume wenziwe walipanga foleni kumpa mkono. Hongera bwana Massoud, tumesikia unamwozesha mama. Mmoja alimuuliza kama pilau litakuwa la nyama au la kuku.

"Na Mzee Jumbe, mama! Nimemkuta kibarazani kwa kinyozi anapakwa hina ndevu. Namuuliza, mzee, kulikoni? Ananichekea tu!"

"Hina ya rangi gani?"

"Mama!"

Nilicheka mpaka bangili zikalia. Kwetu Kigombe piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea maua mikononi na miguuni, ni la mwenye mume, au la anayempata. Mjane akionekana amepakwa mpaka magotini, ameshautangazia mji bila kufungua kinywa. Nililijua hilo nilipoinyoosha miguu yangu. Na asubuhi ile nilikwenda bombani na ndoo, kanga nimeipandisha kidogo, ingawa mapipa yote ya nyumbani yalikuwa yamejaa. Mwatima, jirani yangu, aliniona akaangusha kidumu. Kabla hakijaacha kuviringika, habari zilikuwa zimeshafika Pangani.

Lakini piko lile halikuwa la Mzee Jumbe, yule mgane ambaye mji ulikuwa umeshaniozesha kwake. Lilikuwa la mjukuu wangu Asmaa, binti wa Massoud, na siku ile ndiyo siku yake ya kufa na kupona.

Mimi shule niliiona kwa nje, nikipita, lakini mambo ya vyeti nimeyasikia humu ndani mpaka naweza kuyaimba. Asmaa amemaliza kidato cha nne na amefaulu vizuri. Anataka chuo cha sanaa, ile kozi ya awali, ambako mtu huonjeshwa kila kitu, kuchora, kufinyanga, kutia rangi vitambaa, ndipo achague chake. Chuo kinataka ufaulu wa kidato cha nne, huo anao. Juu yake kinataka kimoja kati ya viwili: ama cheti cha kidato cha sita, ama cheti cha ufundi cha mwaka mmoja. Na ukishaleta hicho, bado watakwambia, haya, fungua mkoba, tuone mkono wako umefanya nini.

Massoud alitaka kidato cha sita. Asmaa amechaguliwa kusoma kemia, baiolojia na jiografia, shule ya bweni, na Jumatatu anatakiwa aripoti. Asmaa mwenyewe alitaka cheti cha kushona na kuchapa vitambaa, hapo Tanga mjini, kisha aingie chuo chake. Wakavutana, nyumba ikawa haina raha, hata paka akahamia kwa Mwatima. Mwishowe Massoud akatoa neno: mwalimu wa chuo hicho aje azione kazi za mtoto kwa macho yake. Akisema mkono upo, Asmaa atakwenda ufundi. Akitikisa kichwa, Jumatatu begi na ndoo, bweni.

Asmaa akampigia simu mwalimu mmoja wa kule, Praxeda jina lake. Mwalimu akasema Jumamosi anakwenda Ushongo kwa ndugu zake, Kigombe ni njiani, atapita. Basi Jumamosi yenyewe ndiyo hiyo.

Sasa kazi ziko wapi? Hapo ndipo palipotuuma.

Huyu mtoto anachora tangu hajaota meno. Alichora tetea kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko, jogoo la jirani likaja kumchumbia, likamwimbia pale ukutani mpaka sauti ikalikauka. Alichora nyoka kwenye mlango wa choo, mwizi akaja usiku kuiba mabati, akamwona, akakimbia bila viatu mpaka Horohoro, akavuka mpaka, maofisa wanamwita hasikii. Hivi sasa anauza machungwa Mombasa. Usiponiamini, nenda kaulize bei.

Alipokua akaingia kwenye piko. Toka hapa mpaka Tongoni bibi harusi hakubali kuguswa na mwingine, anataka Asmaa. Hana mtindo wa kunakili. Anakushika mkono, anaugeuza, anakuuliza unapenda kula nini, ulilelewa na nani, halafu anachora. Bibi harusi mmoja alichorewa shamba zima la mama yake, michungwa mpaka kwenye kiwiko, akalia, wanja ukamshuka.

Lakini kazi ya piko haikai kabatini. Inaondoka na mwenyewe. Inafua nguo, inaosha masufuria, inakuna nazi, na mwezi haujaisha imeisha. Na picha hakuna, kwa sababu chumba cha bibi harusi simu haziingii. Somo, yule kungwi wa bibi harusi, anakaa mlangoni na beseni, kila mwanamke anatumbukiza yake. Kwa hiyo mjukuu wangu, aliyepamba nusu ya wake wa pwani hii, alikuwa hana hata kipande cha kumwonyesha mtu.

Ijumaa asubuhi nilimkuta jikoni analia juu ya vitunguu ambavyo hata hajavimenya.

"Mke mwenzangu, umefiwa?"

"Bibi, kesho anakuja. Nitamwonyesha nini? Mama nyayo zake zimeliwa na chumvi."

Kweli, mamake, Rahila, analima mwani, na maji ya bahari hayampi piko nafasi.

"Na hizi je?" Nikapandisha kanga.

Akanitazama kama nimemwonyesha bunduki. "Bibi! Wewe mjane. Watu watasema nini?"

"Ndiyo nataka nijue."

Tangu babu yako Amour afariki, nikamwambia, hakuna aliyenisema kwa lolote la maana. Wanasema tu Bi Tausi magoti, Bi Tausi presha. Chora, mtoto, nisemwe kidogo.

Nikalala ubavu mkekani, yeye na kijiti cha chelewa, kile cha ufagio wa ukuti, na kibakuli chake cha piko. Mwanzo alisita.

"Bibi, ngozi yako ina mikunjo."

"Nipige pasi?"

"Usijinyooshe. Kaa hivyohivyo. Ninaifuata."

Akaifuata. Mikunjo ya kifundoni akaifanya maji yanayokupwa, yale yanayoacha mistari mchangani. Mishipa ya miguu akaivisha majani ikawa mitambaazi. Lile refu nililonalo kwenye goko, mbele ya mguu, kovu nililolipata siku niliyopigana na papa nikivuka kutoka Pemba, nikamshinda, nikamla na ndimu, kovu hilo akaligeuza uti wa mgongo wa samaki, na samaki wengine akawaficha kwenye majani, mguu huu na huu. Sikujiona tena mzee. Nilijiona mahali pa kwenda kutembea.

Hayo yote Massoud hakuyajua, kwa kuwa Ijumaa alishinda na kulala Tanga na mzigo wake. Ameyajulia mnadani. Ndiyo maana alikuwa amesimama pale ukumbini, shingo imemvimba.

"Kumbe ndiyo kazi zenyewe hizi?" akamgeukia Asmaa, aliyejibanza nyuma ya pazia la chumbani. "Mwalimu anatoka chuo anakuja kuangalia miguu ya mama yangu?"

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nijibu."

Asmaa akatoka. "Baba, hata nikimaliza kidato cha sita wataniambia nifungue mkoba. Nitawafungulia nini, daftari la kemia? Kule ufundi kila wiki nitatoa kitambaa. Mwaka ukiisha nina cheti na nina mkoba umejaa, na kitambaa hakifutiki."

"Ukiwa na kidato cha sita, ukikosa sanaa una pengine pa kwenda. Uuguzi. Ualimu. Na cheti cha kushona, ukikosa sanaa, utakwenda wapi?"

"Nitashona."

Nilibanwa na kicheko nikajifanya kukohoa. Massoud akanikata jicho.

"Mama, wewe ndiye unayemharibu."

"Mimi nimempa miguu tu. Ingekuwa kichwa, ningempa kichwa."

Rahila akaingia kutoka uani, mikono imejaa unga wa sambusa za mgeni. Rahila ni mtu wa maneno machache, mkaza mwanangu yule, ila akisema huwa ameshafikiri toka juzi. "Baba Asmaa, kidato cha tano hakikimbii. Nimemuuliza mwalimu mkuu. Mtoto akishapata cheti cha ufundi na akaona anataka, anaweza kuufanya mtihani wa kidato cha sita kama mtahiniwa wa kujitegemea. Lakini ufundi akiuacha sasa, mkono utalala miaka miwili."

"Na nyinyi wote mmeshakaa kikao!"

"Wewe ulikuwa mnadani," nikasema. "Hebu chutama hapa uangalie. Umetukana kitu ambacho hujakitazama."

"Sitazami."

"Basi nakwenda zangu dukani hivi hivi, napita kwa Mzee Jumbe nikamuulize hali ya ndevu."

Akachutama haraka. Nikaunyoosha mguu wa kulia mpaka karibu na pua yake. Alianza kwa kukunja uso, kama mtu anayeangalia samaki asiyetaka kumnunua. Macho yakapanda na yale maji ya kifundoni, yakapita kwenye majani, yakafika kwenye goko. Hapo yakasimama.

"Huyu kolekole," akasema.

Asmaa akapiga hatua mbele. "Umemjuaje?"

"Nimemjuaje! Nauza samaki kutwa. Tazama huu mstari wa ubavuni unavyopinda halafu unanyooka, unafika mkiani una magamba magumu. Watu wanachora samaki kama kandambili. Huyu..." Akapeleka kidole, akakumbuka ni mguu wa mama yake, akakirudisha. "Umemwona wapi hivi?"

"Kapuni mwako, baba. Kila siku kabla hujaondoka."

Massoud akakaa chini kabisa, juu ya sakafu, na kikoi chake cha samaki. Akasema niugeuze mguu. Nikaugeuza. Akasema nilete wa kushoto. Nikaleta. Akawa anatafuta sasa, kama mtoto: huyu chewa, huyu tasi, huyu mbona ana miiba michache? Asmaa naye akachutama, vichwa vimegusana, wanabishana juu ya miiba ya tasi, na kila mmoja anamnyanyulia mwenziwe mguu wangu kama vile haukuungana na mtu. Nilikaribia kuanguka kwenye kiti. Sikuomba waache.

"Kitambaa," akasema Massoud. "Samaki huyu akiwa kwenye kitambaa, kanga nzima, pindo pembeni na mji katikati..."

"Ndiyo, baba!"

"Watu watanunua."

"Sitaki kuuza kwanza, baba. Nataka kujua."

Rahila alisimama na mikono yake ya unga, anamtazama mumewe. Nje gari lilisimama, mlango wa gari ukabamizwa, na sote tulisikia ila hakuna aliyenyanyuka.

"Haya, nisikilizeni," Massoud akasema, ameshika kisigino changu bila kujua. "Nilisema namsubiri mwalimu aseme. Sasa nasema mimi. Huyo mwalimu hata akitikisa kichwa, hata akisema hii si kazi, Jumatatu mimi na Asmaa tunakwenda Tanga, ufundi..."

"Hodi wenyewe!"

Pazia likafunuka. Mwanamke mrefu, begi begani, kiatu kimoja ameshakivua, kingine bado anahangaika nacho kizingitini. Akainua uso kutusalimia, akatuona tulivyokaa, na macho yake yakateremka miguuni kwangu.