Kumsukuma Mkwe

Kocha hakupindisha maneno: nisipojifunza kufunga nikiwa nimeipa ringi mgongo, mechi dhidi ya Msambweni nitaitazama nikiwa nimekaa benchi. Timu yetu ya mpira wa kikapu ni ya wafanyakazi wa mahoteli, na mimi, mpishi wa hoteli moja ya Galu, ndiye mrefu kuliko wote. Urefu wangu huo nilikuwa nikiutumia kurusha mpira kutoka mbali kama wafanyavyo vijana wa siku hizi, na mara nyingi mpira ulikwenda kumwamkia jirani.

Niliudhika, maana alisema kweli. Nikamwambia baba mkwe wangu alikuwa gwiji wa mchezo wa chini ya ringi, nitamwomba anifundishe. Kocha, mtu wa bara, akacheka. "Game ya hao wazee iliisha kitambo," akasema. "Atakufundisha nini, kukohoa?"

Wazee wa rika la baba mkwe huko Mombasa bado husimulia kwamba hakuna aliyeweza kumzuia akishaupata mpira karibu na ringi. Sasa anaishi Ukunda, magoti yamemgomea, tumbo limemtangulia, na akitazama mechi kwenye televisheni huguna tu. "Wanarusha kama watu wanaofukuza kunguru," husema. Nadhani kilichomuuma zaidi ni kwamba hakuna aliyekuja kumuuliza neno.

Shida ni kwamba kwetu mkwe ni wa kuheshimiwa kwa mbali. Tangu nimuoe binti yake, sikuwahi kukaa naye mkeka mmoja. Nilikuwa nikimwamkia shikamoo nimeinama, ananiuliza habari za kazi, namjibu alhamdulillahi, kisha natafuta sababu ya kwenda uani. Kwa hiyo ombi langu lilipelekwa na mke wangu. Alirudi akicheka. "Amekubali. Saa hii anatafuta raba zake."

Tulikutana alasiri katika uwanja wa shule iliyo nyuma ya nyumba yao, mahali penye sakafu ya saruji iliyopasuka na ringi isiyo na wavu. Akaupokea mpira, akatikisa bega huku, akageukia kule, na kabla sijajua kilichotokea mpira ulikuwa umeshaingia.

"Hivi," akasema.

"Hivi vipi, baba?"

"Hivi hivi tu."

Nikamwomba arudie polepole. Polepole hakuweza, mguu ulisahau njia, akaukasirikia mbele yangu. Hapo nikaanza kuingiwa na wasiwasi kwamba kocha alisema kweli. Mtu anaweza kula wali maisha yake yote na bado asijue kukueleza namna ya kumeza.

Mzee naye aliliona hilo usoni mwangu. Akanipa mpira, akasimama nyuma yangu. "Basi nisukume."

Asiyeujua mchezo huu aelewe kwamba sehemu hiyo haina adabu hata kidogo. Unampa mwenzako mgongo, unatoa makalio nje, na kwa makalio hayo unamsukuma hatua kwa hatua hadi ukaribie ringi. Makalio yangu, kwa baba wa mke wangu! Nilirudi nyuma nikamgusa kidogo, nikaruka kando. "Samahani, baba." Nikajaribu tena. "Niwie radhi, baba."

"Wataka kufunga ama wataka kupiga hodi?"

Mke wangu alikuwa kando ya ua wa shule, ameshika simu anatupiga picha, na kwa kicheko ilibidi aushike ua kwa mkono wa pili.

Mzee akanijia mbele. "Sikiliza. Mkwe wako yuko barazani, anakunywa chai. Huyu hapa hataki ufunge. Umefahamu?"

Nikafahamu. Nikasema bismillahi, nikafumba macho, nikasukuma kwa nguvu zangu zote. Nyuma hapakuwa na mtu. Alikuwa ameshasogea pembeni, nami nikaketi juu ya saruji kwa kishindo, mpira umenipita na heshima yangu pia.

Alicheka hadi akakohoa. Kisha akasema jambo la kwanza lililoeleweka alasiri nzima. "Umenisukuma bila kunisikiliza. Mtu akiwa nyuma yako humuoni, lakini uzito wake waujua. Akikuegemea upande huu, geukia ule. Akikukimbia, usimfuate, ruka ufunge. Mimi sina hivi wala vile, mwanangu. Namsikiliza mtu kwa mgongo."

Tulirudi uwanjani siku nyingine, na nyingine. Alinisukuma kwa kifua, kwa tumbo, kwa matusi madogo madogo kuhusu mapishi yangu. Nikaanza kuyasikia mambo: pumzi yake, mguu aliousimamia, hila aliyokuwa akiipanga. Nikaacha kuomba radhi. Kusema kweli, niliona raha.

Siku ya mechi kocha aliniingiza mwishoni, kwa shingo upande, tukiwa nyuma kwa pointi moja. Nyuma yangu alisimama bwana wa Msambweni mwenye kifua kama mlango wa msikiti. Nikapewa mpira. Nikamsukuma mara moja, nikatulia. Akaniegemea begani kulia. Nikageukia kushoto, na mpira ukaingia, filimbi ya mwisho ikalia.

Kocha alinikimbilia, amesahau benchi lake. "Hiyo move umeitoa wapi? Kwa simu?"

"Kwa baba," nikamwambia, nikamwonyesha mzee alikokaa kati ya watazamaji.

Kocha akaenda kumpa mkono kwa mikono miwili. Mzee akaupokea bila haraka. "Bado hajajua," akasema. "Alichelewa kugeuka." Lakini macho yalikuwa yamemlowa, naye hakujisumbua kuyafuta.

Watu walipotawanyika nikamfuata pale alipokaa. Akaninyooshea mkono nimwinue, kisha, mbele ya watu wote wa Ukunda, akanishika bega akaniegemea hadi kwenye tuktuk. Njia nzima alinisimulia mechi za zamani kwa sauti ya mtu mzima wa afya. Lakini kila alipokanyagia mguu wa kushoto uzito wake wote ulinihamia mimi, na nikajua goti lile lilikuwa likimuuma vibaya mno, tangu siku ya kwanza labda, na kwamba hakumwambia mtu. Nikapunguza mwendo, nikajifanya mimi ndiye niliyechoka.