Muziki wa Gemu Yetu ya Usagara

Miaka ya foleni za sukari na sabuni, nyumbani kwetu Usagara hatukuwa na televisheni. Ruksa ya kuingiza bidhaa kutoka nje ilipokuja, kaka yangu akaanza kwenda Unguja kuchukua bidhaa, na safari moja akarudi na televisheni iliyotumika pamoja na mashine ya gemu ya kuiga, si ya kampuni yenyewe, nyepesi kama bakuli la plastiki.

Kaka hakucheza sana. Aliniachia mimi, yeye akajilaza mkekani akiufuata muziki wa gemu kwa mluzi, mpaka mama atuite chai inapoa. Haukupita muda akaenda Maskati kutafuta maisha. Alisema Idi atakuwa nyumbani. Idi zimepita nyingi.

Mimi nilisomea kompyuta. Sasa, pamoja na wenzangu wa nchi za mbali ambao sijawahi kuwaona, ninatunza programu inayowezesha gemu za zamani kuchezwa kwenye kompyuta za leo. Siku moja nikaifungua ile yetu. Picha zilikuwa zilezile, lakini muziki ulikimbia. Nikahisi nimeingia nyumba ya watu.

Nikawaandikia wenzangu. Mmoja akajibu kwamba kasi ile ndiyo sahihi. Nikamwambia ni sahihi kwa mashine za kwao. Zile za kuiga tulizoletewa huku zilikwenda polepole. Akataka ushahidi, na mashine yetu ilikwisha kuliwa na kutu zamani. Nikampigia kaka.

"Shikamoo kaka. Unaukumbuka muziki wa ile gemu?"

"Marahaba. Mtu mzima wewe, gemu ya nini?"

"Nipigie mluzi wake."

Akacheka. Alipoanza, pumzi ilikuwa fupi, lakini hakukosea popote. Niliurekodi, nikapunguza kasi ya programu mpaka muziki na mluzi vikaenda pamoja. Baadaye yule mwenzangu alipata mashine ya aina ile sokoni kwao, akaipima. Kasi yake ilikaribiana sana na mluzi wa kaka, na marekebisho yangu yakakubaliwa.

Nikamtumia kaka programu. Jioni yake akapiga simu, muziki ukisikika nyuma yake, taratibu.

"Hivi hapo kwetu, ufukweni Raskazone, watu bado wanaogelea alasiri?" akauliza.

"Wanaogelea. Njoo uone."

"Inshallah," akasema.

Hakukata simu, nami sikukata. Tukaendelea kuusikiliza muziki ule.